Barua kwa mdogo wangu aliyekabidhiwa darasa la maktaba

Mdogo wangu,

Hongera kwa kukabidhiwa darasa la utafutaji wa machapisho kwa wanafunzi wa uzamili hapo Arusha. Nakuandikia hadharani kwa kuwa wakutubi wenzetu wa huku Moshi nao wana darasa hilohilo, na wengi hulianza vibaya: wiki ya kwanza ya muhula, ukumbi umejaa, projekta moja, slaidi za masharti ya kuazima vitabu. Mwanafunzi asiye na mada hana anachotafuta, kwa hiyo hashiki kitu. Iombe idara ikupe vipindi viwili vya saa mbilimbili baada ya mada kupitishwa. Watu wasizidi 15, kila mmoja na kompyuta yake na mada yake.

Utakachokutana nacho kwanza ni hiki: mwanafunzi ananakili kichwa kizima cha tasnifu yake, anakibandika Google Scholar (huduma ya Google ya kutafuta machapisho ya kitaaluma), kisha anakwenda kumwambia msimamizi kwamba hakuna aliyewahi kuandika juu ya jambo hilo. Chukua mada ya hukohuko kwenu: kaya za Arumeru na njia za kupunguza floraidi kwenye maji ya kunywa. Humo mna mambo matatu, yaani floraidi, namna ya kuiondoa, na mahali. Mpe karatasi achore safu tatu, asiguse kibodi mpaka kila safu iwe na maneno yake, tena ya Kiingereza, maana makala nyingi zimeandikwa kwa lugha hiyo. Safu ya kwanza: fluoride, fluorosis (ugonjwa wa floraidi kuzidi mwilini). Ya pili: defluoridation, "bone char" (mkaa wa mifupa, na alama za kunukuu zisisahaulike), Nalgonda, ile mbinu ya shabu na chokaa yenye jina la wilaya ya India. Ya tatu: Arumeru, Arusha, Meru, Ngurdoto, Tanzania. Waandishi wa makala hawakukaa kikao wakakubaliana watumie neno lipi, kwa hiyo mwanafunzi anayeshika neno moja anapoteza nusu ya waliomtangulia.

Sasa afungue PubMed, kanzidata ya makala za kisayansi, sehemu ya Advanced. Maneno ya safu moja yaunganishwe kwa OR (lolote kati ya hayo likipatikana linatosha), kila safu itafutwe peke yake. Hapo chini historia itaonyesha namba za utafutaji, naye ataandika #1 AND #2 AND #3, yaani makala iguse safu zote tatu. Wengi wanadhani AND huongeza matokeo. Waache waone namba inavyoporomoka kwenye skrini yao wenyewe. Hilo linafundisha kuliko slaidi kumi. Wanaopenda kuandika yote kwa mstari mmoja bila mabano wataumia: PubMed husoma kutoka kushoto kwenda kulia, hivyo fluoride AND Tanzania OR Kenya huleta kila makala inayoitaja Kenya, hata ya malaria.

Kinyota (*), kinachosimama badala ya mwisho wowote wa neno, nacho kina hila zake. Defluorid* ni salama. Fluor* itawamwagia fluorescence na dawa za jamii ya fluoroquinolone, nao watakaa wanashangaa. Meru huleta pia Meru ya Kenya. Halafu tahajia: flouride ni kosa la kila darasa, na linapita kimyakimya kwa sababu wako waandishi waliokosea vivyo hivyo, basi matokeo machache yanatokea na mtu anaridhika. Tena PubMed ni ya afya na sayansi za uhai. Mhandisi wa maji asiishie hapo, aende na Google Scholar na AJOL kwa majarida ya Afrika.

Kuhusu makala za kulipia, Tanzania imo kwenye kundi A la Research4Life (lango linalozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo makala za kulipia), lile lisilolipa ada, na ndani yake kuna Hinari ya afya na AGORA ya kilimo. Malalamiko ya "nimeingia lakini bado naombwa dola" karibu yote chanzo chake ni kimoja: mtu ameingia kwenye lango, kisha akafungua ukurasa mwingine na kuifuata makala kupitia Google. Mchapishaji hamtambui. Lazima apite kwenye viungo vya lango lenyewe. Nenosiri la taasisi lisirushwe kwenye magrupu ya WhatsApp, maana masharti yanakataza kulitoa nje ya taasisi.

Kazi ya kusahihisha isiwe orodha ya rejea. Dai daftari la utafutaji: tarehe, kanzidata, maneno yalivyoandikwa herufi kwa herufi, idadi ya matokeo, alichobadilisha na kwa nini. Ayanakili papo hapo, kwani historia ya PubMed hufutika ikikaa kwa muda wa saa nane bila kuguswa. Daftari hilo ndilo atakalolihitaji akifika sura ya mbinu, na wewe utaona kwa dakika mbili nani alitafuta na nani alibahatisha.

Kipindi cha pili anza na Zotero, programu ya kutunza rejea, ila usikae nayo sana. Waambie tu kwamba nafasi ya bure ya mafaili ni MB 300 na PDF huijaza haraka. Wazime usawazishaji wa mafaili, rejea zenyewe zitaendelea kuhifadhiwa. Muda uliobaki utumie kwa rejea zinazotungwa na programu za akili bandia. Zina mwandishi, jarida, mwaka, hata DOI (namba ya utambulisho ya makala mtandaoni), na ukizitazama ni nzuri kuliko za kweli. Kila mmoja achukue rejea tano za pendekezo lake, abandike DOI moja moja kwenye doi.org. Isiyofunguka, au inayofungua makala nyingine kabisa, aifute pamoja na sentensi iliyoiegemea. Akikaidi kufuta sentensi, mpeleke kwa msimamizi wake.