Harambee ya Kitabu Kimoja: Tunaomba Nakala Nne, Hata za Mitumba

Kwa wazazi, majirani na wana wetu mlioko ng'ambo,

Assalaam aleikum, Bwana asifiwe. Tunaandika kwa haya, maana hata mwaka haujaisha tangu mtuchangie mabati ya maktaba yetu hapa Kisauni. Mabati mazuri, Mungu awalipe. Ni msumari mmoja tu uliotutia aibu. Usiku wa mvua kubwa ya masika maji yalipenya tunduni mwake yakashukia rafu ya juu, juu ya Externality and Institutions cha Andreas Papandreou, cha mwaka 1994, nakala pekee tuliyo nayo. Kurasa zinazomjadili mwanauchumi Ronald Coase zimegandana. Ukizibandua, herufi za ukurasa huu zinahamia ule. Tumekianika, tumekiwekea tofali, wapi! Kimevimba kama mahamri. Jumatano jioni vijana 18 wa vyuo hukizunguka. Mmoja anasoma kwa sauti, wenzake wananakili, na akifika penye doa wanabaki kukisia.

Mzee mmoja alituuliza, kitabu cha uchumi cha nini? Mzee wetu, hiki kinahusu ujirani. Mwenye kiwanda akiyeyusha betri kuukuu, faida ni yake, moshi ni wa mtaa, na bei ya madini ya risasi sokoni haimhesabu mtoto anayeuvuta. Ya Owino Uhuru, mtaa wa hapa Mombasa uliodhuriwa na risasi ya kiwanda cha namna hiyo, mnayajua: Julai 2020 mahakama hapa Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Mwanauchumi Pigou, mwaka 1920, alitaka mwenye kudhuru wenzake atozwe kodi. Coase, mwaka 1960, akasema tazameni kwanza nani ana haki gani, na kupatana kwenyewe kunagharimu nini. Sasa mkazi wa pale angepatana na mwenye kiwanda kwa nguvu gani? Vijana walibishana mpaka adhana ya isha, wakafungua kitabu kiwaamue, wakakutana na kurasa zilizogandana.

Kipya hatukiombi, bei yake hatuiwezi. Maktaba za vyuo huko Uingereza huondoa vitabu rafuni na kuviuza. Chenye muhuri na mistari ya kalamu ya watu tutakipokea kwa mikono miwili. Mlioko huko, ulizieni, mtutilie begini mkija Desemba. Mlioko hapa, nambari ya M-Pesa ya mhazini mnayo. Michango ya harusi mtaani kwetu hutimia kabla ya magharibi, tumeiona kwa macho yetu. Nasi tunaomba chembe tu ya bidii ile.

Kila shilingi itaandikwa na risiti itatolewa. Mara iliyopita hesabu zilichelewa wiki tatu, mhazini alikuwa na mitihani, mtuwie radhi. Safari hii zitabandikwa mlangoni Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Tundu tumeliziba kwa lami. Rafu pia tumeihamisha.

Kamati ya maktaba