Kabla ya kutupima taifodi, tazameni kucha

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu miaka mingi bila kuwasumbua kwa barua, na ningeendelea kunyamaza kama si ile ripoti ya ukurasa wa afya kwamba mtu mwenye soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba, akipata maambukizi huenda akaishia kuugua viungo. Sikatai. Watafiti wa Toronto, Kanada, waliandika hivyo mwaka 2011: kati ya watu wenye soriasisi, waliougua viungo walikuwa wamepatwa zaidi na maambukizi ya kutibiwa kwa antibayotiki. Ila utafiti huohuo ulitaja pia kuinua mizigo mizito kazini, na hilo mwandishi wenu alilipita. Mimi nauza viazi hapa Nakuru. Magunia hayajibebi.

Matokeo ya ripoti yenu nimeyaona. Jirani yangu, mwenye mabaka kama mimi, alikwenda moja kwa moja duka la dawa akanunua amoksilini, antibayotiki, "ya kukinga viungo", na muuzaji akampa bila swali. Mngeongeza sentensi mbili tu. Ugonjwa huu wa viungo si viini vilivyoingia gotini. Kinga ya mwili ndiyo inayomgeukia mwenyewe, ikashambulia ngozi na viungo, na maambukizi, kwa mfano yale ya koo, yanaweza kuwa kichokozi tu. Antibayotiki huua bakteria. Kinga iliyokwisha kukasirika haiisikii.

Na kama mnataka kuandika juu ya maambukizi, mbona VVU hamkuvitaja? Mwaka 2000 madaktari wa Lusaka, Zambia, waliripoti kwamba karibu wagonjwa wao wote wenye ugonjwa huu wa viungo walikuwa na VVU. Hapo ni Afrika, si Toronto. Kupima hospitali ya umma ni bure. Mlituambia tuogope mafua.

Sasa niwaeleze yaliyonipata. Msimu wa mvua uliopita niliumwa koo, likapona, kisha kidole cha mguu kikavimba chote kama soseji, na kisigino kikauma hata kukanyaga chini asubuhi ikawa shida. Nikaenda zahanati moja mjini. Kabla sijamaliza kueleza, damu ilikuwa imeshatolewa: malaria, taifodi, na brusela itokayo kwa mifugo. Malaria hakuna, brusela hakuna, lakini taifodi, nikaambiwa, "imeingia kwenye mifupa". Nikachomwa sindano, nikalipa, nikachechemea nyumbani. Kwingine nikaambiwa ni baridi ya Nakuru, nivae soksi nzito. Kwingine tena wakapima damu kutafuta baridi yabisi, ugonjwa mwingine wa viungo, kipimo kikatoka safi, nikapongezwa kwamba sina ugonjwa wowote wa viungo! Kumbe kwa wengi wenye ugonjwa wetu kipimo hicho hutoka safi, na hilo halimaanishi lolote. Muda wote huo mikono yangu ilikuwa juu ya meza mbele yao, kucha zimejaa vishimo, nyingine zimeinuka kutoka kwenye nyama, viwiko vina magamba meupe. Hakuna aliyeuliza. Aliyeniuliza mwishowe alikuwa daktari kijana aliyekuwa ananiandikia risiti, akaona kucha, akaweka kalamu chini.

Na hii taifodi, mhariri, lini mtaiandikia ripoti? Tone la damu juu ya kioo, dakika chache, umeandikiwa dawa. Kipimo hicho humshika hata aliyeugua zamani au aliyechanjwa, na viini vingine hukidanganya. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha viini vya damu maabara, nacho huchukua siku kadhaa, kwa hiyo hakiuziki. Huku kwetu ukiwa na maumivu ya kichwa, taifodi. Mgongo, taifodi. Nadhani hata kodi ya nyumba ikichelewa watakukuta nayo.

Hadi watu 30 kati ya 100 wenye soriasisi wanaweza kuugua viungo, na kiungo kikishaliwa hakirudi kilivyokuwa. Kwa hiyo ombi langu kwa wizara na kaunti ni dogo. Kila mgonjwa anayelalamikia viungo, kabla hajatolewa damu, avue viatu na kofia. Atazamwe kucha, viwiko, kichwani chini ya nywele, nyuma ya masikio, kitovuni, na ndiyo, hata kwenye mfereji wa matako, kwa sababu soriasisi hujificha huko na mgonjwa huona haya kusema. Haihitaji mashine wala umeme. Asiyeweza kufanya hivyo aondolewe sindano mkononi.

Nanyi mkiandika tena, badala ya ile picha ya mzee wa Ulaya ameshika goti, wekeni picha ya kucha yenye vishimo, kubwa, ya rangi. Nitakata nibandike kwenye mlango wa ile zahanati.

Muuza viazi,
Nakuru