Saratani ya kongosho: damu ichukuliwe mapema

Mhariri,

Mgonjwa akigundulika ana saratani ya kongosho, mazungumzo yote huishia kwenye kongosho. Ni kosa. Takriban mgonjwa 1 kati ya 10 hadi 20 amerithi hitilafu ya jeni, na hitilafu hiyo haiishii kwenye kiungo kimoja. Ikiwa ni ya BRCA2, jeni inayosaidia seli kukarabati DNA, titi, ovari na tezi dume ziko hatarini. Ikiwa ni sindromu ya Lynch, hali nyingine ya kurithi inayoongeza hatari ya saratani, ni utumbo mpana na mji wa mimba. Uvimbe wa seli za homoni za kongosho ni habari nyingine: hapo huulizwa kuhusu MEN1, ugonjwa wa kurithi wa uvimbe kwenye tezi za homoni, unaogusa pia tezi za parathiroidi (za shingoni, zinazodhibiti kalsiamu) na pituitari (iliyo chini ya ubongo), kwa hiyo kalsiamu ya damu nayo ipimwe.

Kinachokwamisha kipimo cha jeni za kurithi mara nyingi ni sampuli. Kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe hakitoshi, maana jeni huharibika humo humo ndani ya uvimbe bila kurithiwa. Inatakiwa damu, mililita 3 hadi 5, kwenye kichupa cha EDTA (kemikali inayozuia damu kuganda) chenye kifuniko cha zambarau. Ichukuliwe mapema, ugonjwa huu hauna subira, na mgonjwa akishafariki familia hubaki kubahatisha.

Hitilafu ya BRCA2 ikionekana, kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithi. Na wavulana wasijitoe, kama ilivyozoeleka: wakiwa nayo, kipimo cha PSA, cha damu, cha kuchunguza saratani ya tezi dume, huanza wakifika miaka 40.

Wadau wa afya,
Dar es Salaam