Kuhusu mdogo wako na kidonda kisichoonekana

Rafiki yangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimesikitika mno kusikia kwamba mdogo wako ameanguka na pikipiki na kulazwa. Unaandika kwa hasira kwamba picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta, imeonyesha wengu wake, yaani bandama, umechanika na damu imo tumboni, ilhali madaktari wanamtazama tu badala ya kumpasua. Hasira hiyo naielewa, kwa kuwa katika wodi ya upasuaji ninamofanya kazi jamaa wa wagonjwa huja nayo mara kwa mara. Hata hivyo, kwa mgonjwa ambaye hali yake imetulia, huko kutazama ndiko matibabu yenyewe.

Wengu hukaa upande wa kushoto chini ya mbavu za mwisho, umejaa damu na ganda lake ni jembamba, ndiyo maana tumbo likigongwa bila kutobolewa, wengu na ini ndivyo viungo vinavyoumia mara nyingi zaidi. Zamani ukichanika ulikuwa ukiondolewa tu. Baadaye ikafahamika kwamba asiye na wengu hubaki katika hatari ya maambukizi ya ghafla yanayoweza kuua kwa muda wa saa chache. Makala ya King na Shumacker ya mwaka 1952, iliyohusu watoto wachanga walioondolewa wengu, iliwazindua wengi. Tangu hapo madaktari wakaanza kujitahidi kuuokoa, na imedhihirika kwamba michaniko mingi, hasa ya madaraja ya chini katika kipimo cha ukali wa jeraha cha 1 hadi 5, hupona yenyewe.

Sasa wanatazama nini? Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu, na mwili wa kijana ni hodari wa kuficha hasara: mishipa hujibana, moyo huongeza kasi, na shinikizo la damu laweza kubaki la kawaida hadi apoteze karibu asilimia 30. Kwa hiyo muuguzi anayerudi kila mara kumshika kifundo cha mkono anavizia mapigo yanayopanda, tuseme kutoka 85 hadi 120, kabla shinikizo halijaanguka. Naye daktari anayelaza kiganja tumboni na kubonyeza polepole anatafuta tumbo lililokakamaa kama ubao, kwani huenda utumbo nao umetoboka. Kusema kweli, hilo la utumbo hunitia hofu kuliko wengu, maana tundu dogo laweza kukosa kuonekana katika picha ya kwanza, likajitokeza baadaye kwa homa, kutapika na maumivu yanayozidi.

Umesema analalamikia bega la kushoto nanyi mnamchua. Acheni kumchua. Ikiwa eksirei imeonyesha mifupa ya bega ni mizima, maumivu hayo yaelekea yanatoka tumboni: damu iliyokusanyika chini ya kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, huchokoza neva inayoanzia shingoni, mahali pamoja na neva za bega, na ubongo hukosea chanzo. Yakiongezeka, mwambieni daktari papo hapo.

Upasuaji haujafutwa. Mapigo yakizidi kupanda, shinikizo likishuka, au akiendelea kuhitaji kuongezewa damu, atapelekwa chumba cha upasuaji bila kuchelewa. Ndiyo sababu kwa sasa amezuiwa kula na kunywa, nanyi msimpe hata kijiko cha maji kwa siri. Pengine wengu ukilazimika kuondolewa, ulizeni habari za chanjo za kukinga dhidi ya bakteria wa nimokokasi, meningokokasi na Hib, ambazo kwa kawaida hutolewa takribani siku 14 baada ya upasuaji wa dharura.

Akiruhusiwa kurudi nyumbani msidhani yamekwisha, kwa kuwa wengu waweza kuvuja tena siku kadhaa baadaye. Asicheze mpira, asinyanyue mizigo wala asipande pikipiki mpaka daktari aliyemtibu atakapomruhusu, na hilo huchukua wiki nyingi. Akipata kizunguzungu, jasho baridi au tumbo likaanza kujaa, arudishwe hospitali saa ileile, hata kama ni usiku wa manane.

Mama naye msomee barua hii, maana nahisi ndiye aliyegombana na wauguzi. Kisha uniandikie kipimo cha wingi wa damu cha leo kimesomaje kikilinganishwa na cha jana.

Wako akupendaye.