Mbali ndiko ninakokaa sasa

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi sana. Huku Pugu sisi wazima, hofu ni kwenu huko Kariakoo juu ya ghorofa. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, maana kuku wa jirani walikuwa wanapiga kelele. Umeniuliza, "Mama, hivi sisi ulitufundishaje kutunza mazingira? Mbona mimi kwa Ilham nashindwa?" Nimeona bora nikuandikie, kwa sababu jibu lake lina aibu ndani, na aibu ya mzazi haisemwi kwenye simu huku mtu anakaanga mihogo.

Kwanza nikusimulie ya mjukuu wangu. Jumapili ile nilipokuwa namrudisha kwenu, ndani ya daladala aliniimbia wimbo wote wa mazingira aliofundishwa chekechea, na ishara za mikono, abiria wakampigia makofi. Tulipofika Tazara akasukuma kioo, akatupa pakiti ya juisi. Nikamwuliza, Ilham, umeitupa wapi? "Nje, bibi." Nje ni wapi? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa mbingu inaishia wapi.

Sikumgombeza. Wimbo anaujua, ila hajawahi kuambiwa kwamba hiyo "nje" ina wenyewe. Na kabla hujaanza kumlaumu mwalimu wake, nisikilize, kwa sababu neno kama hilo nililitumia mimi kwako.

Ulikuwa na miaka mitano, tunakaa Kigogo, kule bondeni. Unaikumbuka nyumba: vyumba sita, kila chumba na familia yake, choo kimoja uani. Uliniuliza mkokoteni wa taka unakwenda wapi. Nilikuwa nachambua mchele, nikakujibu bila hata kuinua kichwa: "Mbali." Ukaridhika. Mtoto akijibiwa "mbali" huwa anaridhika, na mzazi anapumua.

Sasa aibu yenyewe. Mkokoteni ulikuwa na hela yake, na mwezi ule sikuwa nayo. Kiroba cha taka kilikaa nyuma ya mlango karibu wiki tatu, kinanuka, nakifunika na gunia. Ikaja mvua ya masika, ile ya usiku kucha. Pale bondeni kila mtu alijua mvua ya namna ile ina kazi gani: wenye vyoo vilivyojaa wakatapisha, wenye taka wakamwaga mtaroni, maji yachukue. Nikajitanda kanga, nikatoka na kiroba changu, nikakisukumia mtaroni kwa mguu. Nikarudi kulala na moyo mweupe kabisa.

Alfajiri maji yalikuwa uani. Mtaro ulikuwa umeziba pale kwenye kalavati na kila kitu kimerudi. Ukatoka na gauni la kulalia, ukainama, ukaokota kandambili yako ya pinki, ile iliyokatika mkanda, niliyoitia kwenye kiroba kwa mkono wangu mwenyewe. Ukaja nayo mbio, umefurahi kweli: "Mama, imerudi kutoka mbali!"

Hukunisuta. Ungenisuta ingekuwa nafuu. Niliiosha ile kandambili kwa maji ya dumu tuliyoyanunua, nikaitundika dirishani, na wiki ile ile nikaanza kukupeleka kwenda kuona vitu vinakoishia. Tulikwenda mpaka Daraja la Salenda, unakumbuka? Nilikuonyesha Mto Msimbazi unavyoingia baharini, na mikoko imevaa mifuko ya rambo kama nguo zilizoanikwa. Ukaniuliza ipi ya kwetu. Nikakwambia sijui, ila zimo.

Kwa hiyo ukiniuliza nilikufundishaje, ni hivyo tu. Kila kitu ndani ya nyumba kina kule kilikotoka na kule kinakokwenda, na niliacha kukudanganya kuhusu zile ncha mbili. Maji tulinunua kwa dumu la lita ishirini, kwa hiyo ncha ya kwanza ulikuwa unaibeba mwenyewe na kidumu chako cha lita tano. Maji ya kuoshea mchele yalikwenda kwenye mchicha wa gunia, ya kufulia yakasafisha choo, na udhu tulitawadha kwa kopo moja. Mwalimu wako wa madrasa alikuwa amekwambia hata ukiwa mtoni usifuje maji, na ukamripoti baba yako kwangu mara mbili kwa kutumia makopo mawili. Wala hatukuyaita mazingira. Tuliita kubana matumizi.

Tatizo lako wewe ni ghorofa. Ninyi mmefichiwa ncha zote mbili. Maji yanatoka ukutani, taka zinashuka na mlinzi asubuhi, na mtoto anabaki katikati anaimba. Mnapokaa watu mamia kwenye jengo moja, kila mmoja anaamini taka yake ndogo imepotea ndani ya za wenzake.

Kwa hiyo anza na maji. Jumapili moja funga bomba, mpe Ilham madumu mawili, mwambie haya ndiyo ya leo: kuoga, vyombo, choo, chai. Usimwambie anaadhibiwa, mwambie ni mchezo. Utaona atakavyoanza kuhesabu makopo mwenyewe. Halafu jioni mwambie maji ya bomba lenu yanatoka Mto Ruvu, na Ruvu inashuka kutoka milima ya Uluguru kule Morogoro. Mwaka 2022 Ruvu ilipopungua na mgao ukaingia Dar nzima, mlinunua maji ya boza na ukanipigia simu ukilia kwamba mji umekwisha. Nilitaka kucheka, Mungu anisamehe. Yale madumu uliyokuwa unayabeba Kigogo ulikuwa umeshayasahau.

Maganda nayo ni rahisi kuliko unavyodhani. Sehemu kubwa ya taka za mji huu ni mabaki ya chakula: maganda ya ndizi, ya mihogo, ya machungwa, makapi ya nazi. Hizo si taka, ni udongo unaosubiri. Chukua ndoo ya rangi, toboa matundu chini na ubavuni, weka sahani ya kukingia maji, uiweke kwenye balkoni kivulini. Tabaka la maganda yaliyokatwakatwa, juu yake tabaka la maranda ya seremala au gazeti lililochanwa. Nyama, samaki na mchuzi usitie, utawaita panya wa Kariakoo wote. Ikinuka ujue imelowa mno, ongeza maranda, koroga. Wiki ya kwanza itanuka tu kwa sababu nakujua, utamwagia mabaki ya supu, na baba Ilham atalalamika. Vumilieni. Miezi mitatu hivi utakuta udongo mweusi unaonukia mvua, ndiyo mboji hiyo. Mchicha ukiusia humo, wiki tatu nne Ilham anachuma, na mtoto hatupi ovyo ganda ambalo amewahi kuliona likigeuka mboga. Kazi ya kukatakata mwachie yeye, kwa kisu kile butu. Atachelewesha chakula. Na chakula kichelewe.

Chupa za maji usizichanganye na maganda. Yule mzee anayepita kukusanya chupa na makopo anauza kwa kilo, na chupa iliyopakwa uji hawamnunulii vizuri. Mfundishe Ilham kumwamkia, "Shikamoo, babu," na ampe mfuko mkononi, siyo kuuacha sakafuni. Hili nalikazania kuliko mboji. Mtoto akimwogopa au kumdharau anayeokota taka, hata umfundishe nyimbo mia, atakua anaamini taka ni kazi ya watu fulani.

Mifuko sitaki kusema mengi. Rambo zilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, tukashangilia, na kweli mitaro ilipumua. Lakini hii tunayoiita mbadala, ile inayofanana na kitambaa, mingi ni plastiki vilevile, nyuzi zake zimegandishwa tu pamoja. Mnarundika hamsini chini ya sinki halafu mnajisifu. Kikapu changu cha ukili nilikuachia cha nini?

Halafu kunguru. Najua Ilham anawapenda, ananisimulia wanavyomwibia chapati pale balkoni. Mwambie wale wenye shingo ya kijivu si wenyeji wetu. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, ili wale takataka za mji. Wakala, wakazaana, wakavuka mpaka bara, na sasa wanakula mayai na makinda ya ndege wengine. Ukitaka mtoto wa mjini aelewe kwamba uchafu haumalizwi kwa kumtafutia mtu wa kuula, hadithi hii inatosha, na vielelezo vyake vinatua kwenye balkoni kila asubuhi bure.

Jambo moja nakuomba: usimtishe. Nimesikia unamwonyesha kwenye simu kobe waliokufa na mabarafu yanayoanguka. Ana miaka mitano, Rehema. Barafu haimhusu kwa sasa, inayomhusu ni ile pakiti ya juisi.

Wewe uliyaona makubwa ukiwa umeshakua, Desemba 2011, maji yalipofika dirishani tukalala juu ya bati kwa jirani. Sitasema viroba vyetu ndivyo vilivyoleta mafuriko. Mvua ile ilikuwa ya ajabu, na sisi wenyewe tulikuwa tumejenga kwenye njia ya mto. Lakini mitaro ilikuwa imeziba, na walioiziba hawakutoka nchi nyingine. Wenzetu wakahamishiwa Mabwepande, sisi tukaja huku kwenye kiwanja cha mjomba wako.

Na hapa ndipo Mungu aliponicheka. Asubuhi nikifagia uwanja, malori ya taka ya mji yanapita kwenda dampo la Kinyamwezi, turubai zimefungwa nusu, yanadondosha maji meusi njia nzima. Upepo ukigeuka, jikoni kwangu kunanuka Kariakoo. Ile "mbali" niliyokudanganya nayo ndiyo anwani yangu sasa. Na ncha nyingine ipo huku huku, kwa sababu Msimbazi nao unaanzia kwenye vilima hivi. Huku juu ni kijito tu, ule mto uliotutoa Kigogo.

Jumamosi nileteeni mjukuu. Asivae viatu vipya. Aje na kopo lake la maganda ya wiki, lenye mfuniko tafadhali, kwa ajili ya shimo langu la mboji. Tutakaa barazani tuhesabu malori, nimwonyeshe lipi linaweza kuwa na mfuko wenu, halafu mchana tushuke kijitoni.

Na mje kwa daladala, msichukue bajaji. Nataka apite tena pale Tazara, achungulie dirishani aone kama pakiti yake bado ipo.

Mama yako.