Mjomba wako alikuwa anasikia

Kigamboni, Dar es Salaam

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na mara ya pili nikacheka. Naona PCB (fizikia, kemia na biolojia) ya kidato cha tano imekukolea. Unaniuliza maswali ambayo hata mimi niliyezeekea maabara lazima nitafute miwani kwanza. Unataka kujua sumu ya nyoka inafanya nini hasa kwenye neva.

Unakumbuka mjomba wako alivyogongwa na nyoka kule shambani Kisarawe? Ulikuwa darasa la tatu, tulikuacha kwa jirani. Alikuwa anaokota korosho. Mwenzake anaapa alikuwa swila, maana alisimama akatanua shingo. Walimwekea kwanza jiwe jeusi, lile linaloaminiwa kunyonya sumu, na saa nzima ikapotea hapo. Kope zikaanza kushuka. Akasema anaona watu wawiliwawili. Kisha kumeza mate kukamshinda, ulimi ukawa mzito, na tulipofika hospitali hakuweza kunyanyua hata kidole.

Hapo ndipo lilipo jibu lako. Neva haigusani na msuli. Kati yao kuna upenyo mdogo mno, na neva ikitaka msuli ujikunje humwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Ng'ambo, kwenye msuli, kuna vipokezi. Kila kimoja kimeundwa kwa vipande vitano vya protini vilivyozunguka tundu, na kina viti viwili vya asetilikolini. Viti vikijaa, tundu linafunguka, sodiamu inaingia, msuli unajikunja. Papo hapo kimeng'enya kinaikatakata asetilikolini, viti vinabaki wazi kwa safari nyingine.

Sasa sumu ya swila ni kama yule abiria wa daladala ya Gongo la Mboto aliyelala kitini: halipi, hashuki, na mwenye nauli yake mkononi hana pa kukaa. Neva inaendelea kumwaga ujumbe kama kawaida, haijafa, lakini tundu halifunguki. Misuli midogo ya kope hulegea mapema. Ya kupumulia ikilegea, ndiyo kifo.

Koboko ana njia nyingine, na hii ndiyo inayonishangaza zaidi. Koboko wa kijani, huyu wa misitu yetu ya pwani, ana sumu iitwayo dendrotoksini inayoziba njia za potasiamu ambazo huituliza neva, basi neva inamwaga asetilikolini kupita kiasi. Ana na fasikulini, inayokifunga mikono kile kimeng'enya cha kusafisha viti. Ndiyo maana misuli ya aliyegongwa naye inaweza kuanza kutetemeka yenyewe kabla ya kulegea.

Uliuliza pia mbona nguchiro anapigana na swila na hafi. Kiti chake kina umbo tofauti: mwili wake umepachika sukari pale pale ambapo sumu ingekaa. Swila mwenyewe anajikinga kwa ujanja huohuo. Nyegere naye amebadilisha asidi amino moja, yaani tofali moja la protini, mahali hapo, na sumu inateleza.

Na usidhani sumu hizi ni za kuua tu. Mwaka 1963 wanasayansi Chang na Lee kule Taiwan waliitenga moja, alfa-bungarotoksini, kutoka kwa nyoka wa huko. Inang'ang'ania kiti kiasi kwamba mwaka 1970 Changeux wa Ufaransa, pamoja na huyo Lee, waliitumia kama ndoana kukivua kipokezi chenyewe kutoka kwenye viungo vya umeme vya mkunga wa umeme. Mpaka wakati huo kipokezi kilikuwa kitu cha kukisiwa.

Nirudi kwa mjomba wako. Alilala kama gogo, macho yamefumba, ukimfinya hashtuki. Mtu mmoja pale akatuambia tujiandae. Nami, dada yake wa tumbo moja, mtu wa maabara, nikampigia simu baba yako palepale kando ya kitanda, aulizie sanda Kariakoo. Nilisahau kwamba sumu hizi haziwezi kuvuka kirahisi kutoka kwenye damu kwenda kwenye ubongo, na kwamba moyo unatumia vipokezi vya aina nyingine. Moyo wake ulikuwa unadunda. Masikio yake yalikuwa yanafanya kazi.

Aliyetuokoa ni nesi mmoja kijana. Hakubishana na mtu. Alichukua mfuko wa hewa wa kumpumulishia, akatuonyesha namna ya kuuminya, tukaminya kwa zamu usiku kucha, mimi, shangazi yako, na dereva wa pikapu tusiyemjua hata jina. Dawa ya kupambana na sumu ilipatikana alfajiri. Inatengenezwa kwa kingamwili za farasi na huikamata sumu iliyo bado kwenye damu. Ile iliyokwisha kaa kitini huichomoa kwa shida. Siku ya pili jioni, kope moja ikacheza.

Hadi leo, kila nikienda Kisarawe, hajanipokea mzigo bado, ananiuliza: "Dada, ile sanda waliuza bei gani?"

Mama yako