Andiko lako la kulipia madaktari madeni

Kisiwani Pate, Lamu

Kwako shoga yangu Zuena,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku wazima wa afya. Mama yako nilimpitia Ijumaa nikamkuta anashona kofia ya watu, miwani imemshuka puani, na lake ni lile lile: Zuena arudi lini. Nikamwambia una kazi, na una deni. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwani deni halilipiki huku?"

Basi andiko lako la kupeleka kaunti nimelisoma lote, hata zile kurasa za Marekani ambazo najua uliziandika usiku ukiwa zamu. Unataka kaunti imlipie deni la HELB, ile bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kila daktari atakayekubali kufanya kazi Lamu Mashariki. Mimi nitatia saini, usiwe na wasiwasi. Ila lilivyo sasa hivi, sidhani litatuletea daktari wa kukaa.

Kule Marekani lina mantiki yake. Daktari wao hutoka chuoni na deni la kama dola 200,000, na si wachache walio hivyo. Mtu wa namna hiyo ukimwambia nenda kijijini nikupunguzie mzigo, atakusikiliza. Ndio maana ule mpango wao wa National Health Service Corps, wa kupeleka watu wa afya maeneo yaliyopungukiwa, uliozaliwa na sheria ya 1970 na kuongezewa malipo ya madeni 1987, umedumu hadi leo. Umeandika vizuri kwamba kiwango chao kwa miaka mingi kilikuwa hadi dola 50,000 kwa miaka 2 ya kazi.

Sasa piga hesabu ya kwetu. Mkopo wa HELB wa wakati wenu ulikuwa kama shilingi 35,000 mpaka 60,000 kwa mwaka. Udaktari miaka 6. Hata ungepewa kile cha juu kila mwaka, ni 360,000, na riba ya asilimia 4. Mlipogoma madaktari 2024 zile siku 56, mlikuwa mkidai daktari wa intanshipu alipwe 206,400 kama mkataba wa 2017 ulivyosema, na serikali iking'ang'ania 70,000. Kwa hiyo deni lote la HELB halifiki hata mishahara 2 ya ule mkataba. Linauma ukiwa huna kazi, kwa sababu faini ya 5,000 kila mwezi haijui kama umeajiriwa au umekaa nyumbani, na bila cheti cha HELB hata kupata kazi ya serikali ni taabu. Lakini daktari aliye kazini hatahama Mombasa aje Kizingitini huku Pate kwa ajili ya laki tatu. Wewe mwenyewe ungehama?

Deni lako wewe tunalijua sote, na si la HELB. Uliingia chuo kwa kujilipia, ada zikawa mara nyingi ya zile za wenzako. Likauzwa shamba la minazi, mjomba wako akachukua mkopo wa sacco kwa jina lake, na mchango ukapitishwa msikitini. Deni hilo halina stetimenti wala afisa wa kumwandikia barua. Kukopa harusi kulipa matanga, na hapa matanga anakaa nayo mjomba, anakatwa mshahara mpaka leo. Mpango wa Marekani haumjui mjomba. Unalipa mikopo ya masomo iliyoandikwa, basi. Andiko lako limeiga hapo hapo. Ndio nikashangaa: umeandika juu ya deni la watu wengine ukaliacha lako.

Nikupe kisa, maana wewe hukuwahi kufanya kazi upande huu, uliondoka bado msichana. Usiku mmoja wa kusi nilikuwa na mzazi wa kwanza pale zahanati. Uchungu umekaa, kichwa hakishuki, chati ya uchungu imevuka mstari wa hatari. Nikampigia nahodha. Akaniambia maji yamekupwa, Mkanda, ule mkondo kati ya Manda na bara, haupitiki mpaka alfajiri, na kuzunguka kwa nje ya Manda na upepo ule hathubutu na mgonjwa. Tukamtia dripu, tukamlaza ubavu wa kushoto, mama mkwe wake akashika tasbihi, mimi nasikiliza mapigo ya mtoto kila nusu saa na simu mkononi. Alfajiri tukavuka. Hospitali ya King Fahd kule Lamu walimpasua, na mama na mtoto wako salama alhamdulillahi.

Sasa nikuulize, usiku ule ungekuwa nami pale zahanati, umelipiwa deni lote, ungefanya nini? Ungeshika ile Pinard ya kusikilizia mapigo ya mtoto kama mimi na kungoja maji kama mimi. Huna chumba cha upasuaji, huna mtu wa nusukaputi, huna damu kwenye friji. Baada ya miezi michache ya kungoja maji ungeanza kutafuta uhamisho, na nisingekulaumu. Daktari hukimbia mahali ambapo anachokijua hakimfai kitu. Watu husema wanaogopa usalama, na kweli ukielekea Kiunga na Msitu wa Boni hofu hiyo ina sababu, lakini huku visiwani wengi niliowaona wakiondoka waliondoka kwa kukata tamaa ya kazi.

Hapa ndipo Wamarekani wametuzidi na wewe hukukutaja. Kwao daktari hachagui kijiji chochote akalipwa. Kituo chenyewe kwanza hukaguliwa na kukubaliwa, na eneo lake hupewa alama kwa jinsi lilivyopungukiwa na watu wa afya. Anza na hilo. Taja vituo viwili vitatu ambavyo daktari akifika ana cha kufanyia kazi, na nyumba ya kulala yenye maji, halafu ndio uzungumze habari ya madeni. Fedha zikimtangulia daktari mahali pasipo na vifaa, kaunti itakuwa imenunua saini tu.

Na deni la kulipiwa liwe la ubingwa. Nyote mnaondoka kwa hilo, sijaona daktari kijana ambaye hana fomu ya chuo kwenye begi. Andika hivi: kila mwaka mmoja kamili Lamu Mashariki, kaunti ilipe ada ya mwaka mmoja wa masomo ya ubingwa, fedha ziende chuoni moja kwa moja zisipitie mfukoni. Anayetaka ziende HELB, au sacco kwa hati ya mkopo, achague. Hivyo hata mjomba wako atapumua. Nami ningeweka mbele udaktari wa familia, ule ulioanza Chuo Kikuu cha Moi 2005, kwa sababu mtu wa fani ile hashtuki akikutana na mzazi, mtoto na mzee wa sukari asubuhi moja.

Fedha zilipwe baada ya mwaka, si kabla. Najua utanibishia kwamba Wamarekani hutanguliza. Ndiyo, lakini wana meno: anayevunja mkataba hurudisha alicholipiwa kwa muda ambao hakutumikia, na juu yake dola 7,500 kwa kila mwezi uliobaki, na riba. Sisi kaunti itamfuata nani Nairobi? Tena usikubali mfano wao wa pili, ule wa 2007 wa watumishi wa umma, wa kulipa marejesho 120 ya kila mwezi ndio ufutiwe deni lililobaki. Miaka 10 mtu anasubiri, na wa kwanza walipopeleka madai 2017 karibu wote walirudishwa, huyu mkopo wake si wa aina ile, yule alikuwa kwenye mpango usiofaa wa kulipa. Kijana wa hapa akisikia miaka 10 atacheka. Mwaka kwa mwaka anaona, na mwenzake anaona.

Kuna jambo moja linalonifanya nisikwambie ulitupe andiko. Watoto walioingia chuo 2023, kwa ule mfumo mpya wa kufadhili vyuo, wanasomea ada kamili ya kozi, na mikopo yao ni mikubwa kuliko yenu. Wa udaktari watamaliza 2029. Hao ndio deni la HELB litawabana hasa, na hao ndio hesabu yako itawafaa. Kwa hiyo sehemu ya HELB usiifute, isogeze iwahusu wao, na waanze kuzungumzwa nao sasa wakiwa bado shuleni. Shirika la Afya Duniani tangu 2010 linasema waliozaliwa vijijini ndio wepesi kurudi vijijini. Tunao, mtoto wa Ndau, wa Kiwayu, wa Siyu. Wanajua maji ya bamvua ni nini kabla hawajafundishwa anatomia.

Halafu, shoga, punguza lugha. "Motisha endelevu kwa rasilimali watu" nani atasoma pale bungeni? Sema daktari, sema deni, sema boti.

Nitumie nakala mpya kabla ya kikao cha kukusanya maoni, nipate kuwasomea kina mama wa kikundi na manesi wenzangu wa Faza. Kuna wawili wanataka kuongeza habari ya wauguzi, nao wana haki, maana nao wana HELB na hakuna aliyewataja. Na uweke ukurasa mmoja wa gharama, wale watu hawafungui karatasi isiyo na hesabu. Mama anasema ukija ulete uzi mweupe wa kofia, ule mwembamba wa Mombasa, huku umepanda bei.

Wasalaam,
Rukia